Mlusina wa Bwana Miti

Niliingia kwenye kazi ya kung'oa magugu kwa hasira, sitaki kumdanganya mtu. Jioni moja mke wangu alikuwa anatoka gengeni, akapita njia ya mkato inayokatiza bonde letu hapa Makongo Juu. Vijana wawili wakachomoka kichakani, wakamkwapua simu, wakarudi walikotoka. Hakuumia. Ila simu yenyewe nilikuwa nimeifunga kioo kipya wiki ile ile, na mimi ndiye fundi simu, nina meza Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, mwaka wa 11 sasa. Majirani walikuja kutupa pole huku wameuma midomo wasicheke.

Asubuhi nikateremka bondeni na panga. Sijui nilitarajia nini, labda niwakute wamelala. Nilichokuta ni miti. Nimekaa juu ya bonde lile miaka 6 na sikuwahi kulitazama. Kwangu lilikuwa majani tu, mahali pa kupita ukiwahi gari. Siku ile nililitazama kwa macho ya mtu aliyeibiwa. Vishina vyembamba vimesongamana, mtu hapenyi bila kwenda upandeupande. Juu yake maganda ya kahawia yananing'inia kwa mafungu na kuchakarika kila upepo ukipita. Chini, kichaka cha vimiba chenye vimaua vya njano na vya waridi kimeziba kila uwazi. Nikafyeka kama nusu saa. Nikatoka na mikwaruzo mpaka shingoni, na pale nilipofyeka ilibidi nipatafute.

Mama mmoja muuza genge alikuwa ananitazama kutoka juu. "Baba, kuna watu wanafanya hiyo kazi kila Jumamosi. Nenda kawaone, usijiue peke yako."

Watu wenyewe hawana jina la kikundi wala fulana. Siku wakijaa wanafika 12. Siku ya mvua, au siku Simba na Yanga wanacheza, wanabaki 3. Yumo mwalimu mstaafu wa sekondari, wamo wanafunzi wa chuo wanaokuja kukiwa hakuna mitihani, yumo huyo huyo mama wa genge, na yumo mzee tunayemwita Bwana Miti. Kwa vijana wasiojua, bwana miti ndivyo watu walivyokuwa wakimwita ofisa wa misitu, kama vile bwana shamba na bwana mifugo. Yeye alikuwa ofisa wa misitu kweli. Kazi alishastaafu, jina halikustaafu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Umekuja na nini?"

"Panga, mzee. Nimelinoa jana."

Akalichukua, akapitisha kidole gumba kwenye makali taratibu, akaguna kama mtu aliyeonja mchuzi ukamkolea. "Panga zuri. Kaliegemeze pale kwenye mkuyu. Leo tunang'oa kwa mkono."

Nikaliegemeza, ila moyoni nilishamweka mzee kwenye kundi la watu wasioelewa tatizo langu.

Mti wenye maganda ni mlusina. Kichaka cha miiba ni mvuti. Nchi yao ya asili ni Amerika, kule kwenye joto, na kila mmoja alikuja kwa njia yake: mvuti ulitembezwa duniani kama ua la bustani, mlusina ulikuja na sifa za kuwa kuni, lishe ya mifugo na mbolea kwa pamoja. Mwaka 2000 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilipotoa orodha ya viumbe vamizi 100 miongoni mwa wabaya zaidi duniani, yote miwili ilikuwemo, pamoja na magugu maji yaliyowatesa wavuvi wa Ziwa Victoria. Hayo niliyasoma baadaye kwenye simu za wateja zikiwa zinachaji. Bondeni sikuambiwa habari za orodha. Niliambiwa: hiki ng'oa, hiki acha.

Na hapo ndipo kizungumkuti kilipoanza, kwa sababu mimi ni mbishi. Nikauliza, kama kosa la mlusina ni ugeni, mbona mwembe umetoka India na hatuung'oi? Mkorosho umetoka Brazil. Mhogo tunaokula na chai ni wa Amerika huko huko. Mwarobaini ni wa India. Hata hawa kunguru weusi wanaotuibia mandazi Dar nzima walitoka India, wakaletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasaidie kula taka. Mwalimu akacheka, akasema swali zuri. Bwana Miti hakucheka. Akasema mwembe ukiupanda uani kwako, miaka 30 baadaye unaukuta uani kwako. Mlusina haukai ulipopandwa.

Kisha akasema jambo ambalo tangu siku ile linanirudia nikiwa ndani ya daladala. Dar es Salaam imejaa majina ya miti: Mikocheni ni kwenye mikoche, Mivumoni ni kwenye mivumo, kuna Mkwajuni, kuna Mbuyuni, kuna Mnazi Mmoja, na Mabibo nayo ina jina la tunda la mkorosho. Wazee walifika mahali, wakakuta mti unaoonekana, wakapaita kwa jina lake. "Kwa hali hii," akasema, "mjukuu wako atapanda gari la kwenda Mlusinani." Konda wa mjukuu wangu nilikuwa namsikia kabisa anavyoita.

Tulianzia kwenye mkuyu. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mkuyu ule uko karibu na kijito, mkubwa, wanaume wanne hawaukumbatii, na chini yake mlusina ulikuwa mchache sana, miche ya hapa na pale kama nywele za kipara. Kichaka cha vibaka kilikuwa hatua 40 kutoka pale, nakiona kwa macho. Tukaambiwa tuzunguke mkuyu tung'oe vimche vya kimo cha kiganja.

"Mzee," nikasema, "adui yuko kule."

"Namwona."

"Sasa huku tunafanya nini?"

"Huku ndiko tulikoshinda. Tunapanua."

Ndiyo mbinu yake yote, na sikuielewa kwa muda wa mwaka mzima. Unaanzia pazuri, pale miti ya asili ina nguvu bado, unatoa wageni wachache waliojipenyeza, unapaacha pafunge penyewe kwa majani na kivuli chake, halafu unasogea hatua mbili tatu kuelekea pabaya. Husogei zaidi ya vile pazuri panavyoweza kukufuata. Nikaja kusoma kwamba Sydney, Australia, miaka ya 1960, kulikuwa na ndugu wawili wa kike, Joan na Eileen Bradley, waliofanya hivyo hivyo kwenye vichaka vya mtaani kwao, wanang'oa kidogo kidogo kwa mkono kuanzia penye uzima kwenda penye ugonjwa. Nilipomwambia Bwana Miti aliuliza tu kama walikuwa na viti vya kukalia, kwa sababu magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua.

Kung'oa kwenyewe kuna ufundi. Unangoja mvua inyeshe, ardhi ikiwa bado imelegea. Unashika mche chini kabisa, udongo unagusa vidole, unaupinda kidogo kushoto na kulia ili mzizi ulegee, halafu unavuta wima bila kushtua. Ukishtua unakatika shingoni, na mlusina uliokatika shingoni ni sawa na hujafanya kitu: wiki tatu mbele una vichwa vitatu. Ukitoka vizuri unatoka mzima, mzizi mmoja mrefu umenyooka kama waya wa chaja, na pembeni yake vimeganda vinundu vidogo mfano wa punje za mtama. Siku moja nilikipasua kimoja kwa ukucha. Ndani ni chekundu chekundu, rangi ya nyama. Mwalimu akanieleza kuwa humo wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mti, ndiyo maana mlusina unastawi hata kwenye udongo uliochoka. Nilikaa nakitazama kile kinundu. Kazi yangu ni kufungua vitu vidogo na kuangalia vinafanyaje kazi, na kwa mara ya kwanza nikamheshimu adui.

Mche ukipita mwaka mmoja, mkono haufai tena, unataka jembe. Ukipita miaka miwili, unataka sururu na mtaimbo, na mgongo wa mtu mwingine. Mvuti nao una yake: mashina yana pembe nne, yana vimiba, jani ukilifikicha linanuka vikali, na mtu wa ngozi laini atajikuna mpaka Jumatatu. Matunda yake yakiiva yanakuwa meusi, shorewanda wanayapenda, wanakula hapa na kupanda kule bila kulipwa. Watoto nao huyala yakiwa meusi. Mabichi yana sumu, na hilo tuliwaambia watoto kabla ya kuwaambia lolote lingine.

Kuna siku mwanafunzi mmoja alisema shida zote hizi za nini, tukate visiki na kuvimwagia dizeli, kwao walifanya hivyo vikafa. Nikamuunga mkono kwa sauti kubwa kuliko yake. Bwana Miti akatuuliza kijito kinakwenda wapi. Kinaingia Mto Mlalakuwa. Na Mlalakuwa? Unateremka kuelekea Mikocheni hadi baharini. "Na katikati hapo," akasema, "wanaomwagilia mchicha ni nani? Na anayeula ni nani?" Jioni ile nyumbani tulikuwa na mchicha.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka wa kwanza. Bwana Miti alisafiri kwenda msibani Handeni, akakaa huko wiki mbili. Nikaona hii ndiyo nafasi. Nikatafuta vijana watatu, mmoja ana chenso, tukapatana shilingi 90,000, na Jumamosi moja, kuanzia saa 1 asubuhi mpaka alasiri, tuliangusha kichaka chote cha vibaka. Chote. Eneo la kama robo ya uwanja wa mpira. Wapita njia walisimama kutazama. Mama ntilie walikuja kubeba kuni, wakaniombea dua. Jua liligonga ardhi ambayo nadhani haikuliona miaka mingi. Nikapiga picha, kabla na baada, nikaziweka kwenye kundi la mtaa, sifa zikamiminika: "Jembe!" "Mashine hiyo!" Mwenyekiti wa mtaa mwenyewe akaweka alama ya makofi. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu simu iibiwe.

Mwezi wa tatu masika yakaanza.

Mvua ya kwanza ilifungua mfereji katikati ya ule uwanja wangu, kina cha goti, udongo mwekundu ukateremka wote kijitoni. Ya pili na ya tatu zikaamsha visiki. Kila kimoja kikatoa vichipukizi sita, saba, vimenyooka juu kama vidole vya mtoto anayejua jibu darasani. Na kati ya visiki, ardhi yote iliyobaki ikawa kijani kibichi. Kwa mbali ungedhani nimepanda mchicha. Niliposogea nikaona vijani vile vidogo vilivyogawanyika mara mbili, ambavyo tayari nilikuwa navijua kuliko viganja vyangu.

Bwana Miti alikuwa amesharudi. Niliteremka naye na maneno yangu ya kujitetea nimeyapanga. Hakuyahitaji. Alizunguka kimya, akaokota tairi bovu la bodaboda lililokuwa limetupwa kijitoni, akalilaza chini katikati ya ule mchicha.

"Hesabu iliyo ndani ya tairi."

Nikachuchumaa. Nikahesabu. Miche 143.

"Sasa angalia tairi lile lingeenea mara ngapi hapa," akasema, akaenda zake kwenye mkuyu kunywa chai.

Nilimfuata baada ya muda. Mama wa genge alikuwa ameleta mihogo ya kuchemsha na chupa ya chai. Nikatoa mfukoni ganda kavu la mlusina nililokuwa nimelichuma siku nyingi, nikalipasua, nikatoa mbegu moja moja nikizipanga kwenye goti. Zilikuwa 19, bapa, za kahawia, zinang'aa kama zimepakwa vanishi. Kuna mahali watu huzitunga shanga. Mzee akachukua moja, akaigonga kwenye kikombe ikalia.

"Ngumu hii. Ikianguka ardhini haioti hivi hivi. Inaweza kukaa miaka 10 na zaidi inasubiri. Wewe ulikata kivuli ukaiamsha. Sisi kitaluni ilikuwa haitaki kuota, tukawa tunaimwagia maji ya moto, tunailaza usiku mmoja, asubuhi tunapanda kwenye viriba."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Nyie nani, mzee?"

"Sisi mabwana miti."

Akaeleza bila haraka, anamenya muhogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, enzi za kampeni ya Misitu ni Mali, yeye alikuwa kijana, ndiyo kwanza katoka chuoni. Kuni zilikuwa zinakwisha vijijini, mifugo inakosa majani kiangazi, na mlusina ulionekana jibu la yote: unakata leo, mwaka kesho umekuwa tena. Waliotesha maelfu. Waliwagawia wanavijiji, waligawa shuleni, kila mtoto na mche wake. "Niligawa kwa mkono huu," akasema, akauinua mkono wenye muhogo. "Huu wa hapa sijui aliuleta nani. Lakini mkono wake naujua."

Nilimuuliza kama anajuta. Akafikiri. Akasema zile kuni zilipikia watu, uongo hautakiwi. Kosa hakuliona kwenye kupanda. Aliliona kwenye kwamba walipanda, wakaandika ripoti, wakahama. "Hakuna aliyerudi kuangalia."

Nimewahi kusikia watu wengi wakisema subira yavuta heri, na kila mara niliona mtu amekaa kwenye kiti anangoja. Bwana Miti hangoji chochote. Jumamosi saa 12 na nusu yuko pale, mvua au jua, na kama hujaja hakupigii simu. Nikajikuta nafikiria meza yangu ya Kariakoo. Mteja akileta simu iliyoingia maji, kitu cha kwanza ninachomuuliza ni mara ngapi ameiwasha. Wengi wameiwasha mara 20, kila dakika wanabonyeza waone kama imepona, na kila wakibonyeza ndivyo wanavyoiunguza saketi. Ninawafokea. Ninawaambia ingezimwa, ikafunguliwa, ikasafishwa, ikakaushwa, ingepona. Miaka yote hiyo nawafokea watu kwa jambo ambalo mimi mwenyewe nimelifanya na chenso ya kukodi.

Mfereji tuliuziba kwa matawi yale yale niliyoyakata, tukayalaza kukingama mteremko ili udongo ushikike. Ilichukua Jumamosi tano. Vijana wa chenso hawakurudi, sikuwa na 90,000 nyingine. Na nilipewa lile eneo liwe langu. Hakuna aliyesema ni adhabu. Mzee alisema tu, "Pale pako, baba, unapajua."

Katikati ya haya akatokea Mama Mbuzi, naye alikuja na hasira kuliko zangu. Ana mbuzi 7 nyuma ya nyumba, na miaka yote amekuwa akiteremka bondeni na kamba na mundu kuchukua majani ya mlusina. Akatukuta tumeng'oa upande mzima. "Nyie mnaita gugu. Mbuzi wangu wanaita chakula. Nani kawatuma?" Swali la haki kabisa, maana hakuna aliyetutuma. Tungeweza kubishana naye mpaka usiku. Bwana Miti akampisha akae, akamuuliza mbuzi wanaendeleaje, yupi amezaa, akamwonya asiwalishe mlusina mtupu bali achanganye na majani mengine, kwani una sumu ndani yake; punda akiula sana, nywele za mkia zinapukutika. Mama Mbuzi akacheka kwa kumwazia punda. Mwisho tukaafikiana: safu ya juu, kando ya njia, yake. Anakata kabla maua hayajageuka maganda. Kwa mundu wake amezuia mbegu nyingi kuliko mtu yeyote katika kikundi, na bado anasema hayuko kwenye kikundi.

Mimi niliendelea na robo ya uwanja wangu. Mwaka ule wa kwanza nilivuta mpaka nikawa naota navuta. Visiki nilikuwa navikata vichipukizi kila baada ya wiki chache, vingine nikaving'oa na mtaimbo kila nilipopata mtu wa kushika upande wa pili. Kuna kisiki kimoja kilitushinda Jumamosi nne na nilishaanza kukisalimia. Kila masika yakianza nilikuwa naweka lile tairi pale pale na kuhesabu. Mwaka wa pili miche 88. Nilivunjika moyo, nilidhani ingekuwa 10. Mwaka wa tatu 31. Mwaka wa tatu huo huo, ndani ya tairi, kulikuwa na kimche kimoja nilichokishika shingoni tayari kukivuta.

"Acha!" Bwana Miti alipiga kelele kutoka kwenye mkuyu. Sijawahi kumsikia akipiga kelele kabla ya hapo wala baada.

Akaja, akachutama kwa shida. Akanionyesha. Jani la mlusina limegawanyika, kisha kila mgawanyo umegawanyika tena. Hili limegawanyika mara moja tu, vijani viwili viwili vimekaa kwenye mstari mmoja. Mkwaju. Hakuna aliyeupanda. Labda mtoto alitema kokwa, labda ngedere, mimi sijui. Nilikuwa nimeutia nguvu ya vidole tayari, na udongo pembeni mwa shina ulikuwa umepasuka kidogo. Nikaukandamiza kwa kidole gumba, polepole, kama ninavyobandika kioo kipya.

Watu huniuliza kama vibaka wameisha. Hawajaisha, wamehamia kwenye jengo lisiloisha kule juu, karibu na barabara ya lami. Kilichosaidia njia yetu ni taa mbili za sola ambazo majirani walichanga wakaziweka, na ziliwekwa kwa siku moja. Mke wangu huwa ananikumbusha hilo kila Jumamosi alfajiri ninapotafuta gambuti zangu gizani. Kisha anauliza nitarudi saa ngapi, na ananifungia mandazi ya mzee.

Sehemu ya mkuyu na sehemu yangu zimebakiza hatua 12 zikutane. Nimezihesabu kwa miguu. Hizo 12 bado ni mvuti mtupu.

Jumamosi iliyopita kulikuwa kumenyesha usiku kucha. Ardhi ilikuwa imelegea vizuri, vitu vinatoka vyenyewe. Bwana Miti siku hizi hang'oi kitu, magoti yamekataa. Anakaa kwenye kigoda cha plastiki chini ya mkuyu na fimbo ndefu, anaonyesha. Tulikuwa wanne. Nilimaliza mstari wangu, nikanyoosha mgongo, nikatazama nyuma, eneo lote safi, hakuna kitu. Nikamwambia, "Mzee, leo pale pamekwisha."

Akainua fimbo. "Ule pale, baba. Nyuma ya kisigino chako."